Nilijiandaa na Krismasi tangu Oktoba, baba mkwe akaja kula pilau yenye mafuta ya taa

Wakuu, habari za humu.

Naona nyuzi za kununua vyakula vya sikukuu mapema zimeanza kuwa nyingi. Ushauri ni mzuri, siupingi. Ila mimi nilishawahi kununua mapema kuliko mtaa mzima na bado nikaaibika. Nitaandika kama ilivyokuwa, siongezi chumvi. Majina tu ndiyo nimebadili.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Mwanza. Tulipanga vyumba viwili Igogo, mimi, mke wangu Adelina na binti yetu Neema wa miaka mitatu. Adelina alikuwa na mimba ya miezi saba.

Nilikuwa mtunza stoo kwenye shirika moja la umma. Shirika likauzwa, tukapunguzwa. Nikaanza kuuza mitumba Igoma. Kipindi kile nusu ya waliopunguzwa walikuwa wanauza mitumba, na nusu nyingine ndio walikuwa wateja wao.

Baba yake Adelina alikuwa mwalimu mstaafu, anaishi kijijini huko Bukoba. Hakuwahi kufika kwetu. Alipopata habari kwamba mkwe wake Msukuma hana kazi tena, akaleta barua fupi: "Nitakuja Krismasi kuona mnavyoishi."

Hakuandika "kuwasalimia". Adelina aliisoma mara mbili, akaikunja.

Nikaamua mzee atakuta nyumba imejaa.

Mimi nimekulia kwenye foleni za sukari na sabuni. Sasa maduka yalikuwa na kila kitu, lakini mtu aliyepanga foleni utotoni haamini kirahisi duka lililojaa. Nikaanza Oktoba. Mchele niliufuata mwenyewe Sengerema, gunia zima, nikavuka nao kwa kivuko hadi Kigongo. Kila wiki naongeza kitu: maharage, sukari, vitunguu, mafuta ya kula, mkaa, chumvi. Na dumu la lita ishirini la mafuta ya taa, maana Desemba huwa yanaadimika.

Vyote nikavipanga kwenye kona ya chumba cha nje, nikafunika kwa pazia. Kila kitu na mstari wake.

Adelina alipoona akasema, "Baba Neema, hilo dumu la mafuta ya taa litoe humo."

"Nikiliweka nje wataiba."

"Basi liweke mbali na mchele."

"Mama Neema, mimi nimetunza stoo miaka tisa."



Tarehe ishirini na tatu mchana akafungua gunia. Akaniita, "Njoo unuse."

Dumu lilikuwa na tundu dogo chini, tundu la kuingia sindano tu. Lilikuwa likivuja polepole, sijui kwa siku ngapi, na gunia likawa linanyonya. Chini mchele ulikuwa umelowa kabisa. Juu ulikuwa mkavu, lakini harufu ilikuwa ileile.

Tukauanika uani kwenye turubai. Tukaosha mwingine kwa maji ya moto na ndimu. Tukapika kikombe kimoja kujaribu, ladha ikabaki palepale. Kuku wa jirani walikuja kwenye turubai, wakadonoa kidogo, wakaondoka. Hapo ningekuwa na akili ningejua.

Kununua mwingine haikuwezekana, mtaji wangu wote ulikuwa umelala pale nyuma ya pazia.

"Tumwambie baba ukweli," Adelina akasema. "Mchele umeharibika, tupike ugali."

"Ugali siku ya Krismasi? Mbele ya baba yako?"

"Kwani ugali si chakula?"

"Tutapika pilau. Viungo vitameza harufu."

Akachukua ungo, akarudi kwenye turubai.

Mzee alishuka melini asubuhi ya tarehe ishirini na nne, koti limenyooka, begi moja na mikungu miwili ya ndizi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe."

Tulipofika nyumbani nilimfungulia pazia mwenyewe. Akatazama ile mistari yangu kwa muda mrefu. "Umejipanga," akasema. Wakuu, nilifurahi. Nilikuwa najua kilichomo kwenye gunia na bado nikafurahi.

Krismasi, baada ya misa, mama yangu na dada zangu wawili wakafika kutoka Magu. Pilau niliisimamia mwenyewe. Iliki, karafuu, mdalasini, tangawizi, vyote nilizidisha. Ilinukia hadi majirani wakauliza. Shida yake ilikuwa mdomoni.

Sahani ya kwanza akapewa baba mkwe. Akasali, akala kijiko kimoja. Akatafuna taratibu, akameza. Nikajua nimevuka.

Neema alikuwa amekaa karibu naye, akanyoosha mkono kwenye sahani ya babu. Mzee akaisogeza mbali.

"Huyu asile," akasema. Kisha akamgeukia Adelina, akatazama tumbo. "Na wewe usile."



"Mchele huu una mafuta ya taa. Mlijua?"

Jibu nilikuwa nalo. Ningesema hata sisi tunashangaa, labda muuzaji. Mdomo ulishafunguka. Adelina akaniwahi.

"Tulijua, baba."

Hakusema "alijua". Yeye ndiye aliyenikataza, mara mbili, na akajiweka humohumo ndani na mimi. Nimewahi kupunguzwa kazi, nimewahi kukimbizwa na mgambo, lakini sijawahi kuona aibu kama ile.

Ikabidi nieleze yote, kuanzia dumu. Mzee akasikiliza hadi mwisho.

"Mchele kuharibika si ajabu," akasema. "Hata mimi kahawa imeshaniozea. Lakini wewe ulitaka nile. Na mtoto ale."



Mama yangu akainuka, akakusanya sahani zote, pilau ikaenda kufukiwa nyuma ya nyumba. Mzee akavua koti, akaomba kisu, akaketi uani akaanza kumenya zile ndizi alizokuja nazo. Adelina aliganda mlangoni. Aliniambia baadaye kwamba tangu azaliwe hakuwahi kumwona baba yake akimenya ndizi, kwao hiyo ni kazi ya wanawake. Mzee akanionyesha kigoda cha pembeni, nikakaa, nikamenya. Utomvu ulinikaa vidoleni siku mbili.

Saa kumi jioni tukala ndizi na maharage na sangara wa kukaanga. Chakula kilikuwa kitamu. Watu wakacheka tena, ingawa hakuna aliyeutaja mchele.

Mzee alikaa hadi mwaka mpya, akaondoka kwa amani.

Miaka mingi baadaye, tukiwa na watoto wanne, ndipo Adelina aliponiambia kilichobaki. Jioni ileile, yeye akiosha vyombo, baba yake alimfuata akamuuliza kwa Kihaya kama anataka kurudi naye Bukoba akajifungulie huko, abaki na watoto mpaka mimi nipate kazi ya maana. Ndicho kilichomleta.

Nikamuuliza, "Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia una kiburi na wewe ni mbishi. Lakini mimi hujawahi kunificha kitu."

Nililolipata pale ni hili. Nunueni mapema, ila chochote chenye harufu kali kisilale chumba kimoja na nafaka, hata kama mfuniko umekaza. Na kikishaharibika, sema kabla sahani haijawekwa mezani. Ugali wa ukweli mgeni anashiba.

Haya, ni zamu yenu. Nani aliwahi kuharibikiwa sikukuu na wageni wakiwa mlangoni, na alifanyaje? Wenye kejeli zao kwa Wasukuma nao waje, nimeshazoea, shemeji zangu wamenikomaza.