Uso wa Nyuma Kabisa

Wewe unayetazama sarakasi, nani anakutazama wewe?

Ignace, mchoraji wa vibao vya saluni hapa mtaani Nyawera, alilipata swali hilo katika kitabu chakavu cha picha za wachoraji Wafaransa wa zamani. Walichora wanasarakasi wao kwa rangi za haraka-haraka, lakini watazamaji ndio waliotunasa: huyu anapiga miayo, yule amesahau kufunga mdomo.

"Siye pia tuko na watu," Ignace akasema. Tangu hapo, kikundi cha sarakasi cha Ornella kikicheza, yeye yuko pembeni na daftari.

Ornella ana miaka kumi na tisa na anatembea kwa mikono. Kichwa kikiwa chini, haoni nyuso. Anaona viatu tu. Papa yake, Philémon, kiongozi wa kwaya ya parokia, hataji sarakasi bila kutema mate. Wiki ile alimwambia: "Jumapili uchague. Nyumba yangu ao ile wazimu yenu."

Mimi, jirani yao, nilichemka. Nchi imejaa watu wenye miguu miwili wasiofika popote, halafu tumfukuze anayefika kwa mikono! Nikataka kwenda kumkabili mzee. Ornella akanizuia: "Wacha. Weye unaongeaka sana."

Jumamosi alasiri Ignace alitundika ubao aliouchora nje ya kibanda chake. Ornella yumo, mdogo, miguu juu. Kwingine kote ni watazamaji. Nyuma kabisa, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, kuna uso mmoja.

Muuza makaa akapiga kelele: "Maman wee! Huyu si iko Papa Philémon wa kwaya?"

Ignace hakumjua. Alichora alichokiona tu. Kufikia jioni, parokia nzima ilikuwa inacheka.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Philémon mbele ya ubao, kitambaa chenye petroli mkononi. Madereva wa pikipiki walikuwa wamemzunguka, Ignace yuko mlangoni mwa kibanda.

"Papa, anzia ku pua!"

Ornella akafika, begi la nguo zake zote mgongoni. Alikuwa amechagua. Akasimama nyuma ya papa yake.

Mzee akainua kitambaa mpaka kwenye uso wake pale ubaoni. Akasita. Macho yakahamia kwa binti aliyechorwa.

"Weye Ignace," akafoka, "hii miguu umeikosea. Yeye haikunjaka hivi. Anainyooshaka, kila mara."

Ornella akashusha begi.