Chura wa Buti za Njano Matangani

Babu alikufa chura akiwa hewani.

Nasema chura wangu, wa kwenye gemu: katuni ya kijani yenye buti za njano na macho kama mayai ya kukaanga. Alikuwa ameruka juu ya mto wa moto, hatua ya mwisho kabisa, ndipo mama akatoka chumbani kwa babu na kuniita kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Chura akabaki pale pale, miguu imetanuka, kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

Gemu yenyewe si yangu. Ni ya binamu yangu wa Dar, aliniachia likizo ilipoanza. Ni mashine kuukuu ya kushika mkononi na haihifadhi kitu: ukiizima, au chaji ikiisha, chura anarudi hatua ya kwanza kuruka vidimbwi kama mtoto wa chekechea. Kwa hiyo likizo nzima sikuizima. Nililala nayo, nilikwenda nayo Kaole kufuata nazi, na chooni usiniulize.

Mtazamaji wangu alikuwa babu. Alikaa barazani kwenye kiti chake cha kamba, miwani imefungwa uzi, na kila chura aliporuka alinipiga kofi la gotini kana kwamba anamsukuma.

"Mume mwenzangu, kafika?" Aliniita hivyo kwa sababu bibi ni mke wetu sote wawili.

"Bado, babu."

"Chura wako mzembe huyo. Au buti zinambana."

Nilimwahidi atamwona akiingia kwenye mlango wa kasri. Asubuhi iliyofuata ndiyo ile aliyoniita mama.

Basi watu wakamzika babu, na mimi mfukoni mwa kanzu nina chura ananing'inia, ananichoma paja kwa joto. Nyumbani turubai likafungwa, wanaume wakatandikiwa mikeka, bibi akakaa eda chumbani. Mimi makalio hayakugusa mkeka. Nilipeleka maji kwa watu waliokwisha kunywa, nikarudisha sufuria ambazo hakuna aliyeziulizia, ili mradi nipite kwenye kona ya jikoni ambako fundi wa kipaza sauti alichomeka nyaya zake. Na mimi nilichomeka waya wangu pale, nikaifunika gemu kwa kawa la chakula.

"Kijana kakua," mjomba akawaambia wenzake. "Hatulii, anahudumia tu."

Nikainamisha kichwa kama mtu wa kheri.

Kucheza sikucheza. Ningecheza vipi na wa kunipiga kofi la gotini hayupo? Lakini kuizima pia nilishindwa. Binamu naye alikuja na wazazi wake, na siku ya kuanua tanga akaninong'oneza: "Tunaondoka leo alasiri. Gemu yangu, mwanangu."

Nikakimbilia kwenye kawa. Chini yake hamna kitu.

Tuna jirani hapa Dunda, mama wa Kinyamwezi anayekaanga mihogo. Ni mtani wetu. Kwetu mtani akija msibani ana ruhusa ya kila kitu: amwigize marehemu, akwapue chochote, na mfiwa haruhusiwi kununa. Unakomboa chako kwa anachotaka yeye. Huyu mama na babu walitukanana kwa mapenzi kila asubuhi alipopita barazani na beseni lake, kwa hiyo alikuwa anatujua sana.

Akatoka jikoni kavaa koti la babu, kofia imemziba masikio, anaburuza kandambili moja kama babu. Mkononi, gemu yangu, waya unamfuata nyuma kama mkia.

"Wameniambia nimekufa," akasema kwa sauti ya babu, kikohozi na yote. "Kumbe wananificha nisione mambo."

Turubai zima likaangua kicheko. Akajitupa kwenye kiti cha kamba, ambacho hakuna aliyekuwa amethubutu kukikalia. Bila shaka aliichomoa kitambo, maana taa ya chaji ilishakuwa nyekundu.

"Shangazi, naomba hiyo, inakaribia kuzima."

"Shangazi yako nani? Na shikamoo yangu iko wapi?"

Nikatazama kushoto na kulia. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mume mwenzangu, kafika?"

Miguu yangu, iliyokuwa haijatulia tangu makaburini, ikasimama.

"Bado."

"Ikomboe kwa kucheza. Hapa hapa, nione."

Nikachuchumaa kando ya kiti, binamu akaegemea bega langu. Hata ustadhi wa madrasa alisogeza mkeka. Nikabonyeza. Chura akatua kwenye jiwe, akaruka, kofi la gotini; akaruka tena, kofi. Mlango wa kasri ukaonekana. Ulibaki mruko mmoja. Nikabonyeza, na kofi likaja sawia na kidole.

Chura akazama motoni, buti mwisho. Skrini ikaleta vidimbwi.

Nilitaka kumng'ata yule mama. Watu walinikodolea macho waone kama nitanuna. Ndipo dirishani kwa bibi, ambaye tangu msiba alikuwa akiitikia pole tu, ikatoka sauti: "Mtoeni huyo, atanivunja mbavu. Ni babu yenu mtupu."

"Kaanguka," nikasema. "Anaanza upya."

"Si aanze. Mimi marehemu, nina haraka gani?"

Binamu akatazama gari la baba yake, akatazama taa nyekundu, kisha akauokota ule mkia wa waya na kwenda kutafuta pa kuuchomeka.

Chura akaruka kidimbwi cha kwanza. Kofi likaja.