Vigae vya Shule ya Chernoglav

Dafina Karamfilova alirudi Chernoglav, kijiji chao cha mlimani, akiwa na miaka hamsini na sita, baada ya kutunza wazee wa watu kule Italia kwa miaka kumi na mmoja. Alirudi kumzika mama yake, na hakuondoka tena. Kijiji kilikuwa kimebaki na watu thelathini na wanane. Duka lilikuwa limefungwa, basi la Jumanne limeondolewa, na daktari alikuwa akipanda mlimani siku anayojisikia.

Lakini kilichomkera kuliko vyote ni sufu. Kila Juni wachungaji waliwanyoa kondoo, na kwa kuwa hakuna aliyenunua, waliitupa korongoni nyuma ya makaburi. Mvua ikinyesha, harufu ilimfuata mtu mpaka kitandani. Sufu ileile ambayo bibi zao walifumia mablanketi mazito ya mahari, leo imelala na matairi mabovu.

Siku moja alimkuta Rangel, mchungaji jirani yake, akimwaga gunia la tatu.

"Acha hilo, kaka Rangel. Nipe mimi."

"Ya nini? Utaipika na maharage?"

"Nitakufunika nayo ukifa. Shika huku tubebe."

Rangel alicheka, akashika upande wa pili.

Mtu wa mwisho kijijini aliyejua kutanda nyuzi kwenye mtambo wa kufumia alikuwa Bibi Fatme, mjane wa miaka sabini na minne, na mtambo wake ulikuwa umegeuzwa banda la kuku. Waliutoa, wakausugua. Wakaja wanawake wengine watatu. Nyumba ya Dafina haikuwatosha, hivyo akashuka mjini kwenye ofisi za halmashauri kuomba shule ya kijiji, ambayo ilikuwa imefungwa kwa miaka kumi na tisa kwa kukosa watoto. Karani alimwangalia kama anayeomba kupangishwa jalala. Akampa mkataba wa miaka saba, akaambatisha ripoti ya hali ya jengo pamoja na picha, akagonga muhuri.

Ile haikuwa shule tena. Nusu ya paa ilikuwa imeanguka, madirisha yameng'olewa, na mbuzi wa Rangel walizalia kwenye darasa la kwanza. Wanawake watano na wazee wachache waliifufua kwa miaka miwili. Vigae vya mawe walivitoa kwenye magofu ya nyumba zilizohamwa, kimoja kimoja, kwa mkokoteni. Dafina mwenyewe alipandisha mabati ya mfereji wa mvua kwa ngazi huku Bibi Fatme akimtukana kutoka chini asije akaanguka na kuwaharibia kazi.

Mablanketi yakaanza kuuzika, kwanza kwenye hoteli za watu wanaokuja kuteleza kwenye theluji, kisha Ujerumani. Kufikia mwaka wa sita wanawake kumi na wawili walikuwa wakifanya kazi mle. Faida iliyobaki, ushirika waliouunda ulifungulia duka, ukamlipa dereva wa kuwapeleka wazee hospitalini. Familia mbili zilirudi na watoto. Basi nalo likarudi, Jumanne na Ijumaa. Katika miaka yote hiyo halmashauri haikuwapa hata msumari.

Ndipo meya, Ognyan Vatev, akapanda mlimani kwa mara ya kwanza. Alikuja Septemba na mgeni mwenye viatu vyeupe, ambaye hakusalimia mtu. Mgeni alipima kuta kwa macho, akafungua dirisha, akalifunga.

"Mama Dafina, mmefanya kazi nzuri mno," meya alisema. "Mahali pamependeza. Sasa mkataba wenu unaisha mwezi ujao, na halmashauri imeamua kuliuza jengo kwa mnada. Huyu bwana anataka kufungua hoteli ndogo."

"Na sisi?"

"Hamtasahauliwa. Wageni wakija mtavaa nguo za asili, mtakaa pale kwenye kona, msokote sufu kidogo, wawapige picha."

Bibi Fatme aliweka chini kijiti chake cha kusokotea.

"Mbuzi walipokuwa wanazaa humu," Dafina alisema taratibu, "wewe na bwana huyu mlikuwa wapi?"

"Tusiongee kwa hasira, mama."

"Mimi nina hasira, bwana meya. Nikiongea bila hasira nitakuwa nakudanganya."

Mgeni akatoka nje kuvuta sigara. Meya akasema sheria ni sheria, akamfuata.

Dafina hakula siku mbili. Siku ya tatu aliutoa mkataba, akausoma mwenyewe, neno kwa neno. Kifungu cha nne kilisema mpangaji atalirudisha jengo katika hali ileile aliyolipokea. Akafunua ripoti iliyoambatishwa. Paa: limeanguka nusu. Madirisha: hakuna. Jiko: hakuna. Sakafu: mbovu. Sahihi na muhuri ni vya halmashauri yenyewe.

Akawaita wenzake, akawasomea.

"Yaani tunabomoa?" Rangel aliuliza.

"Tunarudisha."

"Dafina, mimi nilijifunza kusoma mle ndani. Na wewe pia. Ni aibu."

"Aibu ni yangu? Miaka saba nabeba mawe mgongoni, halafu aibu iwe yangu?"

Kesho yake Rangel alikuja wa kwanza, na ngazi.

Iliwachukua siku nne za Oktoba. Wanawake walijipanga mstari, vigae vikapita mkono kwa mkono mpaka kwenye banda la kondoo la Rangel. Mbao za sakafu waliziandika namba kwa chaki. Madirisha yaling'olewa, na jiko la kuni likabebwa na watu sita. Ile nusu ya paa iliyokuwepo tangu zamani hawakuigusa hata kigae kimoja. Siku ya kukabidhi funguo, Rangel aliingiza mbuzi wake wanne, kwa sababu kwenye picha za ripoti walikuwepo.

Meya alikuja na polisi. Polisi aliisoma ripoti mara mbili akiwa amesimama chini ya anga tupu la darasa la pili, akaangalia mbuzi, akauma mdomo asicheke.

"Bwana meya, mimi hapa sioni kosa. Kila kitu kipo kama kilivyoandikwa."

"Hawa ni waharibifu."

"Basi na yule aliyeipiga ripoti muhuri tumkamate," Bibi Fatme alisema.

Mgeni wa viatu vyeupe hakuonekana tena. Meya alikwenda kwenye televisheni akawaita wanakijiji wahuni waliobomoa shule ya watoto, na kuna watu mjini waliomwamini.

Baridi ile ilikuwa mbaya. Mitambo ililala chini ya maturubai, na wanunuzi wawili wa Ujerumani wakakata tamaa. Familia moja kati ya zile mbili ilifungasha, ikaondoka. Mwezi wa Februari Bibi Fatme alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, bila kuuona mtambo wake ukifuma tena. Dafina alimwosha pamoja na wanawake wa Kiislamu, wa dini ya marehemu, na huku akilia alikuwa akimlaani Vatev kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Mwezi wa Mei banda la Rangel lilikuwa limeezekwa kwa vigae vya shule, na wanawake wanane walirudi kazini, mle bandani. Dafina ndiye anayetanda nyuzi sasa. Anakosea, anafumua, anaanza tena.

Shule imebaki gofu. Kila mwaka theluji inaangusha kipande kingine cha ukuta wa kaskazini, ule ambao Dafina alisimamishwa mbele yake akiwa na miaka minane kwa kuongea darasani. Wageni wakimuuliza kama anajuta, anawaambia hajuti kuivua paa. Kinachomuuma ni kwamba mtu aliweza kumlazimisha.