Kwaya Mbili, Daftari Moja

Nikikumbuka ile Jumapili, kwanza nasikia kikohozi. Kidogo tu, khm, cha kusafisha koo. Pasta alikuwa bado anatusomea barua yake pale kanisani Albert Park, hapa Durban, na rafiki yangu, niliyekuwa nasuka naye nywele za wateja saluni moja, alishaanza kuandaa sauti. Wanakwaya walikuwa wamegombana mwezi mzima, basi barua ikavunja kamati ya kwaya na kuunda nyingine ya dharura. Kiongozi ni huyo rafiki yangu. Nyimbo zote angeanzisha yeye, hata ule wangu wa Pasaka.

Na sauti ya pili nilimfundisha mimi. Wivu ulinichoma kama mwiba wa samaki.

Nusu ya kwaya ilikataa barua, ikahamia fleti moja South Beach. Nikaenda nao, pamoja na daftari la nyimbo nililokuwa nalitunza. Lilikuwa moja tu, la penseli, kila wimbo na jina la anayeuanzisha.

Kesho yake saluni tulisuka kichwa kimoja nyuma ya pazia, yeye kushoto, mimi kulia, kila mmoja akivuta upande wake. Mteja alikuwa mama wa Kiislamu, mzaliwa wa Durban. Televisheni ikataja Gaza. Akatueleza kwamba vyama viwili vya Wapalestina vilipigana, rais akafukuza serikali na kuunda ya dharura kwa amri yake, wale walioshika Gaza wakagoma kutoka. Ulikuwa mwaka wa pili sasa wa serikali mbili.

"Sasa iko nani anafurahi, mama?" nikauliza.

"Sijui, mwanangu. Ila mtu wa kawaida akitaka karatasi yake tu, hajui agonge mlango gani." Akashika kichwa. "Na nyinyi mnanivuta, huyu huku, huyu kule. Mtanipasua."

Tukacheka sote wawili, mimi bila kupenda. Ndipo rafiki yangu akasema polepole, "Dada, Pasaka nitaanzaje? Maneno sina, daftari unalo wewe."

"Eish, utajua mwenyewe."

Jibu hilo lilinikosesha raha wiki nzima.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka ilikuwa bado zamu yangu ya kufagia kanisa la Albert Park, maana orodha ya zamu haikubadilishwa. Nilipomaliza, nikafungua daftari kwenye ule wimbo, nikafuta jina langu kwa raba. Zamani nilikuwa nimeikandamiza penseli sana, likabaki linaonekana. Nikaandika jina la rafiki yangu juu yake, nikaliacha daftari kwenye kiti chake.