Mundu Juu ya Mvumu wa Babu

Nianze na upumbavu wenyewe, mtu asije akadhani ninauzunguka. Nilipanda mvumu, mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, wa babu yangu mzaa mama nikiwa nimevaa kanzu nyeupe ya kutumikia misa, mkononi nina mundu wa kukatia majani ya mbuzi, nikakata kirukia kilichoota kwenye tawi la tatu. Kirukia ni ule mmea usio na ardhi yake. Unaota juu ya mti wa wenyewe na kula hapo hapo, kama shemeji aliyekuja kusalimia akasahau kurudi kwao. Chini nilimweka mwenzangu wa darasa, ametandaza shuka la mama ili kirukia kisiguse udongo. Pembe mbili za shuka alizishika yeye, mbili tulizifunga kwenye mibuni, maana kitabu cha shule kilitaka watu wengi na sisi tulikuwa wawili. Kitabu kilitaka pia ng'ombe dume wawili weupe. Tulipata jogoo mmoja mwekundu, naye alikimbia kabla ibada haijaanza.

Kitabu hicho kilikuwa cha historia, kwa Kifaransa, kimeandikiwa watoto wa Ubelgiji. Sisi wa darasa la sita kwenye misioni tulikisoma kwa sababu kingine hakikuwapo. Moniteri, mwalimu wetu, mtoto wa mwindaji wa Walikale, mweusi kama sisi na mwenye upara, alisimama mbele ya tablo ya kuandikia akatusomea bila hata kukohoa kwamba babu zetu waliitwa Waselti, walikuwa watu warefu, wenye nywele za njano hadi mabegani. Tulimwangalia kichwa. Aliona tunamwangalia kichwa, akaendelea kusoma.

Nitasema ukweli, hao Waselti walinipendeza. Waliishi porini. Walitundika vichwa vya maadui mlangoni. Makuhani wao walivaa kanzu nyeupe, wakapanda mti mkubwa na mundu wa dhahabu, wakakata kirukia na kukifanya dawa ya kila kitu. Tena, mwezi wa kumi na moja ukiingia, walisema wafu wanarudi nyumbani kutazama nani amekaa kwenye viti vyao. Nilifikiri: kanzu nyeupe ninayo, mama ndiye anayefua nguo za kapela, kikanisa cha kwetu. Mundu tunao, ingawa ni wa chuma. Mti ninaujua. Na vakansi, likizo ya Watakatifu Wote, ilikuwa wiki ijayo.

Kwetu ni Kalembe, pale Masisi inapoishia na Walikale inapoanza. Ukipanda ni majani na ng'ombe, ukishuka ni pori. Mvumu ulikuwa nyuma ya jikoni yetu, kwenye uwanja wa babu. Babu alibatizwa uzeeni na rozari anayo, lakini chini ya mvumu ule humwagia watu wake waliokufa pombe ya ndizi, kasiksi, mavuno yakiisha. Chuma hakigusi mti ule. Tawi likianguka linaachwa lioze. Nilijua hayo tangu utoto, kama ninavyojua kwamba hostia haitafunwi, na ndiyo maana ilikuwa tamu kukosea.

Basi tulikosea, mchana kweupe, watu wakiwa shambani. Mwenzangu alicheka mpaka akaangusha pembe zake za shuka, na kirukia kikaanguka kwenye mavi ya mbuzi. Tukakitupa mtoni.

Asubuhi iliyofuata babu alisimama chini ya mti akatazama juu kwa muda mrefu. Mama alikuwa anasugua sufuria kwa majivu, amekaa na miguu imenyooka mbele, kwa sababu tumbo lake lilikuwa limefika mwisho na kuchutama hakuweza tena.

"Huyu si upepo," babu akasema. "Upepo haukatake namna hii. Hii ni chuma."

Mama akauliza, "Nani angepanda huko, Papa?"

"Sijue. Lakini tumbo yako iko karibu. Yule muntu aje mwenyewe, aseme hapa mbele ya muti, na kasiksi, kabla mutoto hajatoka. Mutoto akitoka yeye hajasema, basi tena."

"Basi tena nini?" Mama alicheka kidogo.

"Dada yako mukubwa alikufa namna gani, siku ya kuzala?"

Mama akaacha kucheka. Akaendelea kusugua ile sufuria, ambayo ilikuwa imeshakuwa safi. Mimi nilikuwa mlangoni na kiazi mdomoni. Kiazi kile sikukimeza wala sikukitema, nilikaa nacho tu.

Mtu atauliza kwa nini sikusema pale pale. Padri alikuwa anakuja Kalembe siku ya Marehemu Wote, na ni yeye aliyeandika orodha ya watakaoendelea na masomo. Mwaka uliotangulia mtoto mmoja alirudishwa kwao kwa sababu ya hirizi tu, ndogo kama kunde. Mimi nilikuwa nimefanya ibada nzima, na kanzu ya kanisa juu. Nikasema moyoni kwamba mama bado ana siku. Kumbe sikujua kuhesabu tumbo.

Siku mbili zile sitaki zirudi. Mama akipumua kwa nguvu, mimi ninasimama. Akishika kiuno, mimi ninashika ndoo. Nilimchotea maji bila kutumwa, nikapasua kuni hata za jirani. Mama akaniangalia.

"Wewe uko na ugonjwa gani?"

"Hakuna, Mama."

"Basi ni wizi. Uliiba nini?"

"Sikuiba kitu."

"Mutoto wangu mimi hachotake maji bure," akasema, akaenda kulala, na niliona miguu yake imevimba hadi kwenye vifundo.

Niliogopa wafu wa aina mbili. Waselti kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimewaigiza kwa kicheko na kutupa dawa yao mtoni. Niliwaona wakija kwa mstari kutoka Masisi, nywele za njano, kila mmoja anatafuta mlango wa kutundika kichwa changu. Halafu wa kwetu. Hao sikuwaona, na ndio walionitisha zaidi, kwa sababu hawakuwa na safari ya kufanya. Walikuwa hapo nyuma ya jikoni.

Padri alifika siku ya Marehemu Wote asubuhi, kwa miguu, wapagazi wawili nyuma. Nilikuwa wa kwanza kwenye kitubio. Mpango wangu ulikuwa mzuri: anifungulie dhambi kwa Kilatini, mambo yaishe juu kwa juu, na babu asisikie neno. Nikasema yote, hata jogoo. Padri alinifungulia, kisha misa ilipokwisha akaniita nje ya kapela. Alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la safari, anatoa tope kwenye viatu kwa kijiti. Nikajua sasa inakuja orodha.

Hakusema juu ya orodha. Akauliza kwa Kiswahili chake cha kupiga pasi, "Huo mti wa babu yako, ni mkubwa?"

"Ni mukubwa, Padri."

"Kwetu Ulaya, nyuma ya kanisa, kuna mti wa zamani. Watu wanapigilia misumari juu yake. Nilipokuwa mdogo nilipatwa na homa. Mama yangu alichana shati langu, akachukua kipande, akakipigilia kwenye mti ili homa ibaki pale. Na mama yangu alikwenda misa kila siku."

Nilimtazama. Nilikuwa ninangoja acheke.

"Ni muti wa Waselti?"

"Watu wanasema hivyo. Nani alikuwapo?" Akageuza kiatu. "Nikirudi likizo ninapita pale. Siombi kitu. Ninagusa tu, halafu ninakwenda kula."

"Na homa ilibaki kwenye muti?"

"Mimi niko hapa."

Sikuwa nimekuja kwa hayo. Nilikuwa nimekuja ili mtu mwenye vitabu aniambie ni uongo, mambo ya wazee, nenda ukacheze. Kumbe hata yeye, na ndevu zake zote, ana mti wake huko anaougusa kabla ya chakula. Kama wafu wa Wazungu wanasikia msumari, wetu watashindwaje kusikia mundu?

"Padri, basi mama atakufa?"

"Hilo mimi sijui. Lakini ulichoharibu si cha kwangu, ni cha babu yako. Nenda umwambie."

"Na orodha?"

"Orodha iko kwangu. Mti uko kwake. Nenda sasa."

Sikufika mbali. Mwenzangu wa shuka alikuwa anakuja mbio, jasho linamtoka, na safari hii hakuwa na kicheko chochote.

"Mama yako ameanza," akasema. "Tangu misa. Wamama wameshamupeleka nyuma ya jikoni."

Nilikimbia nikiwa na kanzu ile ile. Watu waliokuwa wanarudi kutoka kanisani walifikiri Padri amenituma mbele kwa mtu anayekufa, wakafanya ishara ya msalaba nilipopita. Hiyo haikunisaidia.

Nyuma ya jikoni walikuwa wametundika mikeka kwenye migomba, na sauti ya mama ilikuwa ndani ya mikeka. Hatua kumi kutoka pale, chini ya mvumu, babu amekaa kwenye kigoda. Kibuyu cha kasiksi kilikuwa kati ya miguu yake, kimeshafunguliwa. Sikuuliza kilifunguliwa kwa ajili ya nani.

"Babu, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi njo nilipanda. Na mundu. Nilikuwa nacheza Waselti."

"Ni watu wa wapi, hao?"

"Wa Ulaya, babu. Wa zamani. Walikufa wote. Wazungu njo wajukuu yao."

"Na hao wajukuu wanawapatiaka kitu?"

"Mama ya Padri alipigilia shati."

Babu akafikiri. "Basi ni watu," akasema. "Lakini wa kwako wako hapa, unakojoaka karibu yao kila siku, na wewe unaenda kuazima wengine mbali namna hiyo."

Mama akapiga kelele ndani ya mikeka. Mimi pia nilipiga.

"Nyamaza. Shika kibuyu. Sasa uwaite. Anza na baba yangu, upande juu. Saba."

"Saba, babu?"

"Saba. Mimi siwezi kukusaidia. Mudomo wenye ulikosa njo unaita."

Nilimtaja baba yake. Nikamtaja babu yake, kwa sababu jina hilo ndilo langu. Halafu nikasimama. Nilijua mito ya Ubelgiji kwa mpangilio, nilijua wafalme wao na watoto wa wafalme wao. Wa tatu wa kwetu sikumjua. Nilifungua mdomo na ndani hamkuwa na kitu. Babu alitazama ardhi. Kibuyu nilikiinamisha bila kujua mpaka kasiksi ikaanza kumwagika, na suruali yangu ililowa, na haikuwa kwa kasiksi.

Ndipo nikasikia mmoja wa wanawake anamwambia mama, "Dada, ita watu yako. Ita, wakusaidie kusukuma." Mama yangu, mwenye rozari shingoni, anayefua nguo za altare, aliwaita. Hakumwita mtakatifu hata mmoja. Aliita baba wa baba yake, akapanda. Wa pili. Wa tatu.

Nikarudia wa tatu. Akaita wa nne kwa sauti ya mtu anayeinua jiwe, nikarudia wa nne. Ilikuwa kukopia wazi, kama kwenye mtihani, isipokuwa aliyeninong'onezea alikuwa ndiye anayekufa kwa sababu yangu, na hakujua kwamba ninasikiliza. Wa tano. Wa sita.

Halafu akanyamaza.

Wanawake nao wakanyamaza. Nilisikia mbuzi wanatafuna. Nilisikia mtu ndani anamwaga maji kwenye beseni, polepole, kama hana haraka tena. Nilimtazama babu, naye alikuwa amefumba macho, na mkono wake umeshika ukingo wa kigoda kwa nguvu. Hapo nilielewa kwamba babu naye anaogopa, kwamba alichokuwa anakiangalia muda wote si mti, ni ile mikeka. Nilitaka kusema jina lolote, hata la Mselti. Sikuthubutu.

Jina la saba lilitoka chini sana, limechoka, kama mtu anayeongea usingizini. Nililirudia. Babu akasimama, akashika mkono wangu pamoja na kibuyu, tukamwaga yote.

Ilichukua muda tena baada ya hapo, muda mbaya, kabla mtoto hajalia. Alikuwa msichana. Mwanamke mmoja akatokeza kichwa kati ya mikeka, akamwambia babu, "Wote wawili wazima." Babu akakaa. Alikaa kwa kishindo, karibu akose kigoda.

"Ulikopia," akaniambia.

"Ndiyo, babu."

"Kesho utanirudilia yote saba, mama yako akiwa mbali."

Siku ya tatu mama aliniita ndani. Alikuwa amelala kwa ubavu, mtoto kwenye ziwa, uso wake umepungua. Babu alikuwa ameshamwambia nusu. Nusu nyingine nilimwambia mimi, nimesimama karibu na mlango kwa usalama wangu: kitabu, kanzu, mundu, kitubio, mti wa misumari wa Padri, na namna nilivyoiba majina mdomoni mwake. Hakunikatiza. Alimhamishia mtoto ziwa la pili, akamfunika miguu, akanitazama mpaka nikashusha macho.

"Ulienda kuambia Padri," mama akasema. "Ukaenda kuambia babu yako. Ukaenda hata kuambia muti. Na mimi njo nilikuwa wa kufa, mimi peke yangu njo hukuniambia."