Simu Niliyompigia Shangazi Veneranda

Mwanangu, kuna Jumatatu moja ya masika ninayoikumbuka hadi rangi ya matope yaliyokuwa barabarani. Nakusimulia leo kwa sababu juzi nilikuona ukituma habari ya msiba kwenye kundi la ukoo, ukaiweka simu mezani, ukaendelea kula. Sikukukaripia. Mimi nilifanya baya zaidi ya hilo, tena kwa simu ndogo ya vitufe isiyopiga hata picha.

Miaka ile nilikuwa mwanamke kijana, nauza vitenge sokoni Ifakara, na katika ukoo wetu wote mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na simu. Usinicheke, ilikuwa heshima kubwa. Nusu ya mtaa wetu wa Lipangalala walikuja kwangu kupiga na kupigiwa, na mimi nikaanza kuongea kama mtu asiye na shida ya kwenda popote. Nyumbani kwetu alikuwa anaishi Fabiani, fundi seremala, mtoto wa pekee wa Shangazi Veneranda. Huyu shangazi, dada yake baba, alikaa Sanje akiuza ndizi kando ya barabara. Kila Jumapili baada ya misa, Fabiani aliazima simu yangu akapiga kwa Bwana Athumani, mwenye duka jirani na mama yake, na shangazi akaitwa dukani aje asikie sauti ya mwanawe.

Fabiani aliugua homa, akalazwa. Mama yake alijua anaumwa, lakini tulimwambia anaendelea vizuri, maana hivyo ndivyo tulivyoamini. Siku ya tatu, asubuhi, akafariki.

Baba alituita mimi na mama mdogo. Hakulia mbele yetu. Alitueleza polepole, kama tunavyoelekezwa tangu zamani: twende Sanje, tupitie kwanza kwa majirani, tupate kina mama wawili watatu wa rika la shangazi, tuingie kwake pamoja, tusalimie, tukae chini, ndipo mkubwa aseme. Kisha turudi naye.

Nikatazama mvua. Barabara wakati huo haikuwa na lami, magari yalikuwa yanakwama kutwa nzima. Nikamwambia mama mdogo kwamba tukipiga simu sasa hivi shangazi atawahi gari la saa nne na kufika kabla hata sisi hatujamfuata. Mama mdogo alisita. Akasema hivyo sivyo alivyoagiza baba. Lakini mimi nilikuwa nimeshabonyeza namba.

Bwana Athumani alipokea. Nilimwomba aniitie Shangazi Veneranda, na hata yeye sikumwambia kulikoni. Niliogopa kwamba akijua atasema yeye. Nikasikia mtu anakuja mbio, akihema.

"Fabi, umeamkaje mwanangu? Umeshakula?"

Mwanangu, sikuwa nimelifikiria hilo. Aliitwa simuni kama kila Jumapili, akaja na furaha yake ya kila Jumapili. Nilipaswa kukata. Badala yake nikasema, "Shangazi, ni mimi Skola. Fabiani ametutoka asubuhi hii."

Hakukuwa na kilio. Nilisikia mtu dukani anaulizia mafuta ya taa, kisha simu ikakatika.

Nilirudi kwa baba nikamwambia shangazi ameshapata habari. Akaniuliza jambo moja tu: "Nani yuko naye?"

Nikapiga tena. Bwana Athumani akasema mama ameiweka simu juu ya meza akatoka, naye akadhani amekwenda nyumbani, maana duka lilikuwa na watu. Akamtuma mkewe akaangalie. Mkewe alikuta mlango wazi, sufuria ya maharage inaungua jikoni, na hakuna mtu.

Baba aliomba pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa mchele, tukapanda watu wanne. Njia nzima tuliuliza: mmemwona mama mmoja, mrefu, wa makamo, anatembea peke yake? Watu wa Kiberege walikuwa hawajamwona. Tukaendelea kuelekea Mang'ula, gari likizama na kusukumwa, na baba hakunitazama hata mara moja. Ningefurahi kama angenitukana.

Tulimkuta kwenye saa kumi alasiri. Alikuwa ameketi pembeni mwa daraja dogo, amelowa, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Alikuwa ameamua kuja kwa mwanawe kwa miguu. Kando yake alikaa mwanamume Msukuma, mchunga ng'ombe, amemfunika kwa blanketi lake, na yeye mwenyewe mvua inamnyeshea. Nyuma yao ng'ombe wake walikuwa wameingia katika mpunga wa mtu, na mwenye shamba amesimama barabarani anagomba kwa hasira. Wewe unajua hapa kwetu ng'ombe wakiingia shambani mambo huishia wapi. Msukuma yule hakuinuka.

Baba alimsalimia, akamuuliza amemjuaje mama huyu. Akajibu kwamba hamjui. Alimkuta anatembea katikati ya barabara, magari yanampigia honi hasikii. "Nilimuuliza anakwenda wapi, hajibu," alisema. "Nikaona mtu wa namna hii haachwi peke yake."

Aliitwa Maduhu. Baba alikwenda kuongea na mwenye shamba, na wote wawili, baba na huyo mwenye shamba, wakasaidia kuwatoa ng'ombe. Mimi nilipiga magoti matopeni nikamvika shangazi kandambili yangu. Hakunitazama. Tulizika kesho yake.

Baada ya arobaini nilikwenda Sanje kuomba msamaha. Nilimkuta anakata mikungu. Nilipiga magoti, nikasema shikamoo, nikasema yote. Alisikiliza hadi mwisho, akakaa.

"Habari ilikuwa lazima inifikie, Skola," alisema. "Lakini nilikuwa nimesimama kwenye duka la watu, wateja wananiangalia, na hakuna hata mmoja wa kunishika."

Alinisamehe siku ileile, na akanipikia. Ndivyo alivyokuwa.

Sasa usije ukadhani kwamba niliitupa simu. Nilikwenda pia kumshukuru Maduhu, kwenye makazi yao huko mbugani, nikamwachia namba yangu ili ndugu zake wa Shinyanga wakimtaka wampate kupitia kwangu. Walikuwa wanapiga mara kwa mara, nami nafikisha salamu. Miaka michache baadaye kaka yake alipiga asubuhi, sauti imebadilika. Mama yao amefariki, na wanazika siku hiyohiyo jioni.

Nilifunga meza yangu ya vitenge. Nikampigia Shangazi Veneranda, ambaye kwa wakati huo alikuwa na simu yake mwenyewe, kumwomba ushauri tu. Akasema nimsubiri. Alishuka kwenye basi mchana, tukapanda pikipiki mbili hadi njia ilipoishia, tukakatiza kwenye majani kwa miguu kama saa nzima. Tulipofika, shangazi alimsalimia Maduhu, akaketi chini karibu naye kabisa. Nadhani Maduhu alielewa hata kabla hajaambiwa. Shangazi alipotamka, alikuwa ameshamshika mkono.

Kisha nikatoa simu. Tulipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, nikampigia kaka yake, na Maduhu akasikia kaburini kwao wakiimba, umbali ambao asingeumaliza hata kwa siku mbili. Alilia kama mtoto, simu iko sikioni, na shangazi kamshika bega. Siku ile niliipenda simu yangu kuliko siku niliyoinunua.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Itumie simu yako, tena itumie sana: kumwita daktari, kuwaita ndugu walio mbali, kumwambia mama umefika salama. Mimi mwenyewe nimo kwenye hilo kundi la ukoo na nawatumia picha za wajukuu. Ila kabla hujatuma neno linaloweza kumwangusha mtu, jiulize kama baba alivyoniuliza: nani yuko naye? Kama hakuna, mpigie kwanza jirani, mpigie padri au shehe, mpigie yeyote mwenye miguu karibu. Na kama miguu iliyo karibu ni yako, vaa viatu uende. Utachelewa kazini, utalowa, hutajua la kusema ukifika. Nenda hivyohivyo, ukae naye.

Mungu akukuze, mwanangu, akupe kazi nzuri na simu nzuri kuliko hii. Na siku ambayo habari nzito itakuja kwako, maana haimkosi mtu, naomba iikute nyumba yako imejaa watu.