Mazishi ya Mjomba kwenye Kioo Cheusi

Mjomba alifia Kanada, na kanisa lao huko likatangaza kwamba ibada ya mazishi ingerushwa moja kwa moja kwenye mtandao. Mama alikuwa ndugu yake pekee aliyebaki. Kwetu jeneza halifungwi kabla wa tumbo moja hawajamtazama marehemu usoni na kumruhusu aende. Kwa hiyo mama alitaka kitu kimoja tu: kumwona yaya wake, yaani kaka yake mkubwa.

"Weye uko na machine," aliniambia. "Utanionyesha."

Machine ninayo. Tangu université nilijiapiza kutotumia mifumo ya makampuni makubwa. Kompyuta yangu inaendeshwa na mfumo huria, uliotengenezwa na watu wa kujitolea, na nimewachosha wenzangu wengi hapa Uvira kwa kuuhubiri. Hata simu yangu niliiokoa vivyo hivyo, nikafuta humo kila kitu cha makampuni. Nje ya vifaa hivyo viwili, sikumwongoa yeyote.

Alasiri hiyo watu walijaa uani kwetu Nyamianda, chini ya shitingi, turubai la kilio. Jua lilikuwa likielekea milimani na kupiga kioo, majirani wawili wakashika kitenge juu ya kompyuta ili tupate kivuli. Ukurasa ukafunguka. Kwaya ikasikika safi. Picha ilikuwa nyeusi tupu, na chini yake maneno ya Kifaransa: mfumo wako hautambuliwi. Video ilikuwa na kufuli la kuzuia wezi wa picha, na ufunguo wake makampuni hayakuwapa watu wa aina yangu.

"Mbona iko giza?" mama akauliza.

"Nangoja ikubali, mama."

"Professeur," akasema jirani mmoja aliyeshika kitenge, "ordinateur yako nayo imefiwa?"

Wachache wakacheka, wakajizuia. Nikabadili kivinjari, nikaandika amri zote nilizozijua; simu za majirani zilikuwa za vitufe tu, zisizo na mtandao. Kwaya ikamaliza. Mchungaji akasema anayetaka kuaga aage, wanafunga.

Mama akanishika mkono. "Bado. Minye sijamuona."

Nikampigia binamu yangu, mtoto wa marehemu, aliyekuwa kando ya jeneza. "Musifunge. Mama haoni kitu. Ni machine yangu."

Akasema: "Mupe shangazi simu. Nitaweka sauti kubwa, karibu na sikio ya papa."

Mama akaishika simu kwa mikono miwili.

"Yaya, ni minye. Sikuoni, lakini najua uko hapo. Siku tulitoka Katogota ulinibeba mugongoni, na mguu yako iko na kidonda. Sikukuambia asante. Nilikuwa nalala. Asante, yaya."

Akamaliza. Ndipo kompyuta, ambayo matangazo yake yalikuwa yakichelewa kufika kwa kitambo, ikaanza kusema. Maikrofoni ya mchungaji ilikuwa imenasa kila neno. Kutoka kwenye kile kioo cheusi ikatoka sauti ya mama, kubwa, yenye mwangwi wa ukumbi: Yaya, ni minye. Aliinua kichwa, akajisikiliza mpaka asante ya mwisho.

"Sasa wafunge," akasema kwenye simu.

Tukangoja tena. Sauti yake ikarudi kutoka ng'ambo: Sasa wafunge. Ikafuata sauti ya mbao ikikaa juu ya mbao.

Hapo tu mama akaanza kulia, na wote wakalia naye.